Sakafu ya Zamani ya Saruji: Namna ya Kuchagua Rangi Isiyobanduka na Kuipaka kwa Rola

Maswali yanayonifikia hapa Dar es Salaam kuhusu rangi ya sakafu ni yale yale. "Fundi, epoksi mita moja shilingi ngapi?" "Kaka, rangi niliyopaka mwaka jana imebanduka yote, sasa ninunue ipi?" Wanaouliza ni wenye fremu za saluni Sinza, mama lishe anayetoka kibandani kuingia chumba cha kupanga, mwenye gereji Buguruni, na watu waliorithi nyumba za wazee Magomeni na Temeke ambazo sakafu zake zimeanza kutoa vumbi. Nimeona niyajibu kwa pamoja. Epoksi ni rangi ngumu ya sakafu inayochanganywa kutoka makopo mawili.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: rangi ya sakafu huchaguliwa na sakafu yenyewe. Kopo la bei kubwa kuliko yote Kariakoo, likipakwa juu ya niru ya saruji iliyolegea au juu ya jamvi, yaani zege la sakafu, linalovuta maji kutoka ardhini, litabanduka kama lile la bei ndogo. Tena litabanduka kwa mapande makubwa zaidi, kwa kuwa ni gumu. Kwa hiyo usinunue chochote kabla hujamaliza hatua ya 1 na ya 2.

Mwongozo huu ni wa vyumba vya ndani, fremu, baraza na gereji ndogo, kazi ambayo mtu makini na msaidizi mmoja wanaiweza. Sakafu ya kiwanda au ya machinjio ni kazi nyingine, itafutie mkandarasi wa sakafu.

Vitu vya kuandaa

Kwa ukaguzi: msumari mrefu, sarafu, kisu, nailoni nzito inayopitisha mwanga, na tepu pana.

Kwa kusafisha: brashi ya waya, skrepa, sabuni ya unga, mpira wa kukwangua maji, na grinda yenye kikombe cha almasi, yaani jiwe la kusagia zege lenye meno ya almasi. Grinda unaweza kukodi kwa siku, lakini kikombe nunua chako, maana vya kukodi mara nyingi vimekwisha meno. Mashine ya kufyonza vumbi ukiipata, kazi inakuwa nyepesi mara mbili.

Kwa kupaka: rola ya manyoya mafupi ya milimita 6 hadi 10 isiyotoa nyuzi, mti mrefu wa rola, brashi ya inchi 2 kwa ajili ya pembeni, trei, ndoo mbili safi zenye kuta zilizonyooka, kikombe cha kupimia, drili na mti wa kukorogea, tepu ya karatasi.

Kwa ajili yako mwenyewe: glovu za mpira, miwani, gambuti, barakoa ya vumbi ya daraja la N95 au FFP2 wakati wa kusaga, na barakoa ya makopo ya mkaa wakati wa kupaka rangi ya thina. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la zege. Vumbi hilo lina silika, na silika ikikusanyika kifuani inaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba.

Hatua ya 1: Kagua sakafu

Hapa usiwe na haraka. Ukimaliza hatua hii vizuri, umeshajua nusu ya jibu.

Gonga. Pita na sarafu au mpini wa bisibisi, ukigonga kila hatua. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio wa uwazi, kama mtungi mtupu, maana yake plasta ya juu imeachana na jamvi. Zungushia chaki kila mahali palipolia hivyo, patakatwa na kupigwa upya.

Kwangua. Vuta msumari kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ukiacha mstari mweupe tu, juu ni pagumu. Ukichimba mfereji na unga ukatoka, juu ni palegevu. Nyumba nyingi za hapa mjini zimemaliziwa kwa niru, yaani ule uji wa saruji uliopigwa mwiko hadi ukang'aa. Niru ni nzuri kwa kutembea peku na kudeki, ila kwa rangi ni ngozi nyembamba: inaziba vinyweleo vya zege rangi isipate pa kuingia, na ikizeeka inaachia.

Kama kuna rangi ya zamani, bandua kipande kwa kisu ukigeuze, uangalie mgongo wake kwenye mwanga. Kipande hicho kinakwambia mengi kuliko fundi yeyote. Mgongo wenye unga wa kijivu uliong'ang'ania: rangi ilishika vizuri, niru ndiyo iliyoachia. Mgongo msafi, laini, unaong'aa: rangi haikushika kabisa, palikuwa na polishi, mafuta au palipigwa mwiko mno hadi pakateleza. Mgongo wenye chembe nyeupe kama chumvi ya mezani: maji yanapanda kutoka chini na kuacha chumvi yake juu. Mgongo wenye unyevu ukiugusa: maji bado yanapanda hata leo.

Mwaga matone ya maji sehemu kadhaa. Yakinywewa ndani ya dakika chache na pale pakawa peusi, vinyweleo viko wazi. Yakisimama kama juu ya jani la mgomba, kuna polishi, mafuta au rangi isiyoonekana. Sakafu nyekundu za zamani karibu zote zina polishi iliyopakwa miaka na miaka, hata kama leo hazing'ai.

Mwisho, tandika nailoni. Kata vipande vya sentimita 45 kwa 45, vibandike tepu pande zote nne pasipite hewa: kimoja karibu na ukuta wa choo au jiko, kimoja katikati, kimoja kwenye kona iliyo chini kuliko zote. Viache usiku na mchana, visipungue saa 16. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni, au pale palipofunikwa pamekuwa peusi kuliko jirani yake, sakafu inapitisha maji.

Nailoni ya mwezi Agosti haikwambii habari za masika. Kama nyumba iko karibu na bonde la Msimbazi, au mahali ambapo visima vinajaa kwa kina kifupi, kagua pia kuta. Plasta iliyovimba futi moja kutoka chini, mstari wa chumvi, rangi ya ukuta inayobanduka chini tu, hivyo ni ushahidi wa kutosha hata kama nailoni imetoka kavu. Wapangaji waliokaa hapo Aprili waulize, wao wanajua. Na kwa nyumba za zamani za ufukweni kuna shida ya ziada: penye mchanga wa baharini ndani ya zege, chumvi imo tayari, na chumvi huvuta unyevu hata kutoka hewani.

Jambo la pembeni, lakini naliomba sana: ukikwangua polishi ukakuta vipande vidogo vya mawe ya rangi rangi vilivyosagwa bapa, hiyo ni terazo. Usiipake rangi. Tafuta mtu wa kuisugua na kuing'arisha. Sakafu ya namna hiyo ukitaka kuimwaga leo utalia na bei yake.

Hatua ya 2: Chagua

*Sakafu inayopitisha maji.* Usipake rangi yoyote inayofunga kama ngozi, si epoksi, si rangi ya sakafu ya kopo. Maji yatasukuma kutoka chini na utaona malengelenge. Una njia tatu. Ya kwanza ni dawa ya kugumisha zege ya silikati, ya sodiamu au ya lithiamu. Ni kimiminika kama maji, kinanywewa na zege, kinashikana na chokaa iliyomo kwenye saruji na kufanya juu pawe pagumu pasipotoa vumbi, huku mvuke ukiendelea kupita. Haina rangi wala haileti mng'ao wa kioo, na inataka saruji tupu isiyo na polishi. Ya pili ni praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya epoksi iliyotengenezwa mahsusi kwa zege lenye unyevu. Ipo, ni ya gharama, na kila moja ina kikomo chake cha unyevu kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kwa hiyo inabidi mtu mwenye kipimo aje apime. Ya tatu ni kuvunja na kumwaga jamvi upya juu ya nailoni. Mwenye nyumba anayekaa mwenyewe na mwenye uwezo ningemshauri hii ya tatu. Mpangaji wa fremu achukue silikati.

*Sakafu kavu, chumba cha kulala au sebule, watu wachache.* Rangi ya sakafu ya akriliki ya kopo moja, yaani isiyochanganywa na kopo la pili, inatosha. Haidumu kama epoksi, lakini ikichakaa unaongeza mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, Jumamosi na maisha yanaendelea. Usitumie rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango na madirisha. Saruji ina ukali wa alikali, na alikali ikikutana na mafuta yaliyomo kwenye rangi hiyo, pakiwa na unyevu kidogo, inayageuza sabuni. Rangi inalainika, inanata, kisha inatoka.

*Sakafu kavu, fremu, saluni, mgahawa, ukumbi wa darasa.* Hapa chukua epoksi ya makopo mawili, rangi na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Kwa anayeanza nachagua epoksi ya maji bila kusita: harufu ni ndogo, vifaa vinaoshwa kwa maji, na inashika vizuri kwenye zege lililokwanguliwa. Epoksi ya thina inavumilia kemikali na mafuta zaidi, ila mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala chini sakafuni, na unashika moto. Kama chumba kinachofuata kuna jiko la mkaa au la gesi linalowaka, usiifungue. Ipo pia epoksi nzito isiyo na maji wala thina, inayotoa sakafu nene kama kioo. Ni nzuri kweli, lakini kwa joto letu inagandia ndani ya ndoo kwa dakika zisizozidi 20 au 30. Usijifunzie nayo.

*Gereji na maegesho.* Epoksi mikono miwili, kisha juu yake poliyurethani, rangi ngumu ya kumalizia, ya makopo mawili. Tairi linalotoka barabarani likiwa la moto hulainisha rangi ya kopo moja na kuing'oa linapopoa. Wanaoegesha gari juu ya rangi ya kopo moja huwa wanaona alama nne za matairi kabla ya kuona kitu kingine.

*Baraza na popote jua linapofika.* Epoksi peke yake itageuka njano na kutoa unga mweupe kwa mionzi ya jua. Haitoki, lakini inachusha macho. Malizia kwa poliyurethani ya alifatiki, ile isiyogeuka njano juani, au tumia rangi ya akriliki ya nje tangu mwanzo. Na kwa baraza, mgahawa au mlango wa choo, panga kabisa kuweka mchanga wa kuzuia utelezi. Epoksi yenye maji ni hatari kwa wazee.

Hatua ya 3: Piga hesabu, ndipo uende dukani

Angalia kwenye kopo au karatasi ya maelezo asilimia ya yabisi kwa ujazo, yaani kile kinachobaki sakafuni baada ya maji au thina kukauka. Kisha: asilimia hiyo mara 10, gawanya kwa unene unaoutaka kwa maikroni (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Jibu ni mita za mraba kwa lita moja.

Mfano: chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Epoksi ya maji yenye yabisi asilimia 50, unataka maikroni 60 kwa kila mkono: 50 mara 10 ni 500, gawanya kwa 60, ni kama mita 8.3 kwa lita. Mkono mmoja ni lita 2.4. Sakafu ya zamani inakunywa zaidi mwanzoni, kwa hiyo weka lita 3 kwa mkono wa kwanza na lita 2.5 kwa wa pili. Unahitaji lita 5.5, yaani galoni mbili za lita 4, na kitabaki cha akiba. Mtu akikuahidi kwamba galoni moja inamaliza chumba hicho mikono miwili, anakuuzia unene wa karatasi.

Dukani uliza hivi: "Kaka, hii ina hadina yake, na zote ni za kampuni moja?" Usikubali hadina ya aina nyingine kwa maelezo kwamba zinaingiliana. Hadina hupimwa kwa epoksi yake. Angalia tarehe ya mwisho ya kutumika, na kama unachukua zaidi ya galoni moja, namba ya bachi iwe ileile, la sivyo rangi itatofautiana katikati ya chumba. Omba karatasi ya maelezo. Wasipokuwa nayo, tafuta jina la bidhaa kwenye tovuti ya kampuni kabla hujalipa.

Hatua ya 4: Toa kila kisichoshika

Mpangilio una maana: mafuta na polishi kwanza, kusaga baadaye. Ukisaga kwanza, joto la grinda linayeyusha polishi na kuisukuma ndani zaidi.

Polishi itoe kwa dawa ya kuondoa polishi au sabuni kali, sugua kwa brashi ngumu, kwangua tope lake, suuza, rudia. Jaribu tena matone ya maji. Yakikataa kunywewa, rudia tena. Mafuta ya gari yaliyozama gerejini yanyunyizie unga wa saruji mkavu au mchanga mlaini uyanyonye, zoa, kisha sabuni. Penye mafuta ya miaka mingi mara nyingi dawa ni kukata sehemu hiyo na kuipiga upya.

Sasa saga. Pita na kikombe cha almasi hadi niru yote inayong'aa itoke na mkono uhisi kama msasa wa namba 80 hadi 120. Tembeza grinda muda wote, ukiisimamisha inachimba duara litakaloonekana chini ya rangi. Rangi ya zamani iliyoshika kwelikweli inaweza kubaki, mradi uikwangue mng'ao kwa msasa na ujaribu rangi mpya kwenye kona. Rangi za zamani sana zinaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo zilowanishe unapozisugua, na watoto wakae mbali.

Watu huniuliza kuhusu asidi, kwa kuwa ni rahisi kuipata. Inafanya kazi kwenye saruji tupu, lakini haitoi polishi, haitoi mafuta, haitoi rangi, na inaacha sakafu imelowa ukiwa unaitaka kavu. Kama huna namna nyingine: mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi, fungua milango yote, baada ya povu kuisha nyunyizia maji ya magadi kuua ukali, kisha suuza mara nyingi. Mimi nachagua grinda.

Zoa, fyonza vumbi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Bandika tepu sakafuni na uibandue. Ikitoka na unga, bado hujamaliza.

Hatua ya 5: Ziba mashimo na nyufa

Nyufa nyembamba zisizosogea zipanue kidogo kwa ncha ya grinda, toa vumbi, jaza epoksi ya kuzibia iliyochanganywa na mchanga mlaini mkavu uliochekechwa, sawazisha kwa mwiko. Usitumie putty ya ukutani, itapondeka siku ya kwanza meza ikiburutwa.

Ufa unaofunguka na kufunga, au maungio yaliyoachwa makusudi na waliojenga, usiyajaze kitu kigumu. Yajaze silanti ya poliyurethani, yaani kizibio kinachonyumbuka, baada ya kupaka rangi. Palipopigwa saruji mpya pasubiri siku 28 kabla ya epoksi.

Hatua ya 6: Chagua siku na saa

Dar es Salaam hii ndiyo hatua inayowaponza wengi, kwa sababu rangi nyingi zimeandikiwa maelezo ya nchi zenye hewa kavu. Kanuni ni mbili: unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na joto la sakafu lizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Kiwango cha umande ni joto ambalo mvuke wa hewani hugeuka maji. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, kiwango hicho ni nyuzi 25, hivyo sakafu iwe na nyuzi 28 au zaidi. Alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 27 na unyevu 85, umande uko nyuzi 24, na sakafu iliyopoa usiku kucha kwenye kivuli inaweza kuwa chini ya 27. Huoni maji, lakini yapo. Programu za hali ya hewa kwenye simu zinaonyesha unyevu na kiwango cha umande, na kipimajoto cha kulenga kwa mwanga kinakupa joto la sakafu.

Kwa hiyo usipake asubuhi na mapema, wala ndani ya masika, Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Kwa ndani, anza mchana sakafu ikiwa imeshapata joto na inaanza kupoa: zege linapopata joto hutoa hewa, na hewa hiyo huacha matundu ya sindano kwenye rangi. Kwa baraza, maliza mapema mkono ukauke kabla umande haujaanguka.

Baada ya kuosha, sakafu ipewe siku mbili tatu za kukauka, madirisha wazi na feni ikizunguka. Rudia nailoni sehemu moja.

Hatua ya 7: Changanya

Koroga kopo la rangi peke yake kwanza hadi uzito ulioganda chini uchanganyike wote. Kisha pima rangi na hadina kwa uwiano ulioandikwa, iwe 4 kwa 1, 2 kwa 1 au vinginevyo, kwa kikombe cha kupimia. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta sakafu isiyokauka milele. Hadina nyingi haikaushi haraka, inaharibu.

Koroga kwa drili ya mwendo wa taratibu dakika 3, ukikwangua kuta na kitako cha ndoo. Hamishia kwenye ndoo ya pili, koroga dakika moja tena, kwa sababu kile kilichong'ang'ania kwenye kuta za ndoo ya kwanza hakikuchanganyika. Kama maelezo yanasema mchanganyiko upumzike kabla ya kupakwa, upumzishe.

Changanya kiasi cha kumaliza ndani ya nusu ya muda ulioandikwa. Muda huo kwa kawaida umepimwa kwenye nyuzi 20 au 25, na kila nyuzi 10 zikiongezeka hupungua kwa takriban nusu. Ndoo ikianza kuwa ya moto mkononi, mwaga kilichobaki kwenye trei itandazike, na usiipake tena. Epoksi ya maji ina hila yake: muda unaweza kuisha bila yenyewe kuwa nzito. Fuata saa, usifuate macho.

Vaa glovu tangu hapa. Epoksi mbichi ikizoea ngozi inaleta mzio, na mzio huo hauondoki. Ikikugusa tumia sabuni na maji, usitumie thina, maana thina inaiingiza ndani.

Hatua ya 8: Mkono wa kwanza

Izungushie rola tepu, ibandue, itoe nyuzi zote. Paka pembeni kwa brashi, mita chache kwa wakati, kisha fuata na rola ukianzia ukuta wa mbali kuelekea mlangoni. Tandaza kwa umbo la W, jaza, halafu malizia kwa kuvuta rola upande mmoja bila kukandamiza. Kila kipande kipya kikutane na kilichotangulia kikiwa bado kibichi. Mkono huu uwe mwembamba, kazi yake ni kuingia ndani.

Hatua ya 9: Mkono wa pili, na mchanga kama unautaka

Soma muda wa kurudia, una mwanzo na mwisho. Ukichelewa kupita mwisho wake, labda saa 24 au 48, lazima upige msasa kwanza. Kabla ya mkono wa pili pangusa sakafu: ukiona utando unaoteleza kama nta, ni hadina iliyokutana na unyevu wa hewa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, ndipo upake, ukivuta rola kukatiza mwelekeo wa kwanza.

Mchanga wa kuzuia utelezi uwe wa kwatzi, mkavu na uliochekechwa. Unyunyize juu ya mkono wa pili ukiwa mbichi, zoa usioshika kesho yake, kisha funga kwa mkono wa tatu mwembamba.

Hatua ya 10: Iache ikomae

Kutembea kwa viatu laini baada ya saa 24. Samani baada ya siku 3, zikibebwa bila kuburutwa. Gari, maji mengi na sabuni kali, baada ya siku 7. Mteja akikusukuma ufungue fremu kesho, mwambie kabisa kabla hujaanza kazi kwamba haiwezekani.

Ikiharibika

*Bado inanata baada ya siku mbili.* Uwiano ulikosewa au haikukorogwa. Kuongeza hadina juu hakusaidii. Kwangua yote, futa kwa thina inayofaa huku madirisha yakiwa wazi, saga, anza upya.

*Malengelenge.* Toboa moja. Likiwa na maji ndani, sakafu inapitisha maji, rudi hatua ya 2 na uache epoksi. Likiwa kavu, ni hewa iliyonaswa: piga msasa, ziba, paka mkono mwingine jioni.

*Matundu ya sindano.* Yajaze kwa epoksi nyembamba iliyovutwa kwa skrepa, kisha rudia mkono wa juu.

*Macho ya samaki, rangi inakimbia na kuacha miduara mitupu.* Pana mafuta au polishi. Acha ikauke, saga pale, osha upya. Kuongeza rangi nzito hakuzibi.

*Mabaka meupe kama ukungu.* Umande uliangukia rangi mbichi. Kama ni magumu, msasa na mkono mmoja zaidi siku kavu vinatosha.

*Pamebanduka sehemu moja tu.* Geuza kipande uangalie mgongo kama ulivyofanya mwanzo, ujue sababu kabla ya kuziba. Kisha kata ukingo hadi ufike penye rangi iliyoshika, saga ukivuka ukingo huo kwa sentimita 5, lainisha mteremko kwa msasa, paka mikono miwili. Rangi mpya itatofautiana kidogo na ya zamani, kwa hiyo bandika tepu ya karatasi kwa mstari ulionyooka, mraba au mstatili, na uibandue tepu rangi ikiwa bado mbichi.